Chungu cha Baba Mkwe

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi cherehani mjini Kasulu, kwenye baraza la duka lililotazamana na soko, na nilikuwa mlevi. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu hata watu waliyataja pamoja. Mtu akiuliza wapi atashonewa suruali, aliambiwa, "Mpelekee yule wa barazani, lakini mpelekee asubuhi." Asubuhi mkono wangu ulikuwa mwepesi na mshono ulinyooka. Ikifika saa sita mchana nilifunika cherehani kwa kipande cha turubai, nikaweka mkasi ndani ya droo, nikaenda kilabuni. Aliyekuja baada ya hapo alikuta turubai.

Kushona nilifundishwa na mjomba wangu kule Kitanga nilikozaliwa. Kunywa sikufundishwa na mtu, kwani kwetu Uha pombe ya ndizi haikuwa aibu. Mtoto akizaliwa ilikuwepo, mtu akifa ilikuwepo, na watu wakigombana walipatanishwa mbele ya chungu kimoja, kila mmoja akiwa na mrija wake. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikawa nakunywa hata siku ambazo hakuzaliwa mtu wala kufa mtu.

Mke wangu nilimwoa kutoka Kibondo. Baba yake alikuwa mzee wa nyuki, mtu wa mizinga na moshi, asiyependa maneno mengi, na binti alirithi ukimya huo. Alinivumilia miaka mitatu. Alikuwa akinipokea mlangoni, ananivua viatu, ananiwekea maji, halafu anageukia ukutani. Nilidhani hana neno. Kumbe maneno alikuwa anayaweka.

Binti yetu wa kwanza alipofikisha miaka miwili alishikwa na homa kali siku ya gulio. Mke wangu alikuja barazani, akakuta turubai, akaja mpaka kilabuni. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, mtoto mgongoni, amemfunika kitenge mpaka kichwani.

"Mtoto anachemka," alisema. "Twende Kabanga."

Nilikuwa na mrija mdomoni. Nikautoa kidogo nikamjibu, "Tangulia, nakuja."

Sikwenda. Alitembea peke yake mpaka hospitali ya misheni ya Kabanga, na njiani mtoto akapata degedege. Hilo niliambiwa baadaye na mama mmoja aliyewakuta barabarani akamsaidia kumlaza mtoto kwenye nyasi na kumpepea. Hospitalini walimpokea vizuri, wakamtibu, akapona. Mimi nilifika siku ya tatu, na kwenye kitanda chao nilikuta mgonjwa mwingine. Muuguzi akaniangalia, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Wameruhusiwa asubuhi," alisema. "Mama alisema hana mtu wa kumsubiri."

Nyumbani sufuria zake mbili hazikuwepo, wala nguo za mtoto. Majirani walisema amepanda lori la maharage, amekwenda kwao Kibondo.

Hapo nilifanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Watu kilabuni walipouliza mke wangu yuko wapi, niliona aibu kusema kweli. Nikasema ana bwana kule Kibondo, ndiyo maana amekimbia. Nililisema mara moja, wakanionea huruma, na mmoja akaninunulia. Nikalisema tena siku ya pili. Baada ya wiki mbili Kasulu nzima ilikuwa inalijua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuliamini.

*

Aliyenitoa huko hakuwa mhubiri. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya wanawake katika kanisa moja dogo la matofali ya udongo, nyuma ya soko. Mama huyo aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa hapa, akaolewa, akawa analima na kuuza dagaa. Alikuja na jora la kitambaa cha buluu ya maji. Kwaya yake ilikuwa imekichangia kitambaa kile kwa muda mrefu, wakiuza dagaa na maharage, wapate sare za sikukuu ya Krismasi. Alinipimisha wanawake kumi na wanne, mmoja mmoja, na alikuja asubuhi kama alivyoshauriwa.

Sare zile nilizikata mchana. Nilikuwa nimechelewesha kazi, sikukuu imekaribia, nikatoka kilabuni nikasema nitakata kidogo tu kabla ya giza. Nilikata zote. Siku ya pili nilipoona nilichofanya, sikuwa na kitambaa cha kurekebisha, kwa hiyo niliunganisha vile vile nikamsubiri mwenyewe.

Alikuja Jumamosi. Akazitandaza juu ya benchi, moja baada ya nyingine. Mikono haikulingana, mmoja ulifika kiwiko na mwingine ukafika kiganja. Kola nyingine zilikaa pembeni. Magauni matatu yalikuwa mafupi, ya kumvalisha msichana wa darasa la tano. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa hodari wa kujibu matusi.

"Fundi," alisema, "hizi umekata wewe?"

"Nimekata mimi."

"Ulikuwa umelewa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa sauti ya kawaida namna ile. Kila mtu alilisema nyuma yangu au kwa kelele. Nikajikuta nimemjibu kweli.

"Nilikuwa nimelewa."

"Ego," alisema, akiitikia kwa Kirundi chake, kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. Akaanza kuzikunja. "Basi tutazivaa. Kitambaa kingine hatuna. Njoo kesho uone zilivyotukaa."

Nilifikiri ananikejeli. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi miguu yangu ikanipeleka kule nyuma ya soko. Sikuingia. Nilisimama dirishani, mahali ambapo ningeweza kuondoka bila kuonekana. Wakaingia wakitembea kwa hatua za kwaya, wote kumi na wanne, na mikono yao ile. Watoto waliokaa mbele wakaanza kucheka, kisha watu wazima wachache. Yule mama akainua mkono, kicheko kikakoma.

"Mnaona nguo zetu," alisema. "Fundi wetu yuko kwenye shida. Sisi tumemsamehe jana, jambo limekwisha. Naomba na ninyi msimcheke. Tuimbe."

Wakaimba. Siwezi kusema wimbo ulikuwa mzuri kupita nyimbo nyingine. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimezoea kudaiwa, kusutwa, kukwepwa, na pale dirishani, kwa mara ya kwanza, nilisikia nimesamehewa kabla sijaomba. Nilishika ukingo wa dirisha. Nililia mpaka mtu wa ndani akasogea akanipa nafasi ya kutazama, akidhani labda sioni. Mchungaji alipowaita wanaotaka kumpa Yesu maisha yao, nilizunguka jengo zima kutafuta mlango, ingawa ulikuwa karibu nami, nikaingia.

Waliniwekea mikono. Niliungama mengi siku ile. La uongo juu ya mke wangu sikuliungama. Nililifungia.

*

Watu husimulia wokovu kana kwamba kiu hukatika siku hiyo hiyo. Yangu haikukatika. Asubuhi nilikuwa mtu mpya, naimba huku nakanyaga cherehani. Saa tano na nusu mkono ulianza kutetemeka. Saa sita masikio yangu yalisikia kilabu, ingawa kilikuwa mbali, na harufu ya ndizi zilizoiva sokoni ilinifanya nimeze mate kama mgonjwa. Siku ya nne nilimfuata yule mama kwenye meza yake ya dagaa nikamwambia sitaweza.

"Adui yako anakuja saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi ni mjinga huyo, hana ujanja. Mtu akija saa ile ile kila siku, wewe unamsubiri." Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo. "Huu wa kanisa. Saa sita nenda ukafagie. Ukimaliza kufagia, piga magoti pale ulipofagia, umwambie Bwana jinsi unavyojisikia. Usimwambie maneno ya kanisani. Mwambie una kiu."

Nilifagia kanisa lile kila mchana kwa miezi mitano. Lilikuwa na sakafu ya udongo, kwa hiyo vumbi halikuisha, na nashukuru halikuisha. Nilipiga magoti nikasema, "Bwana, nataka kunywa. Nataka sasa hivi." Nilikaa pale nikitetemeka, na kila siku, mapema au baadaye, kiu ilipita. Kufikia saa nane nilirudi kwenye cherehani. Kitu hicho kilinishangaza kuliko maono yoyote ambayo ningeweza kuonyeshwa. Maisha yangu yote niliamini kwamba kiu ikija lazima itiiwe. Sasa niliiona inakuja na kuondoka kama mvua, na mimi bado nipo.

Zile sare nilizifumua zote. Nilinunua kitambaa cheupe, nikaunga mikono iliyopungua na kuweka pindo kwenye magauni mafupi. Kazi ikaongezeka. Watu wengi walikuwa wameanza kuingia kutoka Burundi wakikimbia vita, kambi ya Mtabila ikajaa, na kila aliyefika alihitaji nguo yake itiwe kiraka. Nilishona mpaka alasiri, siku sita kwa wiki. Mashavu yakajaa. Watoto wa sokoni wakaanza kuniita mlokole, nikaitika.

Ndipo nikasema sasa niko tayari kwenda Kibondo kumchukua mke wangu.

*

Nilisafiri kutwa nzima juu ya magunia ya lori. Asubuhi yake nilipiga hodi kwa wakwe zangu, nimevaa shati nililoshona kwa ajili ya siku ile.

"Mwakeye," baba mkwe alinisalimu kwa Kiha, bila kusimama.

"Shikamoo, Baba."

"Kaa hapo."

Mama mkwe sikumwona, maana kwa mila yetu hakupaswa kuonana nami uso kwa uso. Nilisikia tu vyombo vyake jikoni vikinyamaza ili asikie. Binti yangu alipita uani akikimbiza kuku. Alinitazama, akaendelea na kuku wake.

Nilisema yote niliyoyapanga. Nimeokoka, nimeacha pombe, nafanya kazi, naomba mke wangu. Mzee alisikiliza akiwa anachonga kipande cha mti, hata hakukata neno langu.

"Vizuri," alisema nilipomaliza. "Ulimwacha binti yangu abebe mtoto anayekufa peke yake. Hilo ni kosa, na kosa lina njia yake. Utaleta pombe. Tutakaa mimi na wewe na ndugu zangu, chungu kimoja. Utatia mrija wako, nami nitatia wangu. Tukimaliza, utamchukua."

Nilijua atasema hivyo. Njia nzima juu ya magunia nilikuwa nimeomba asiseme.

"Baba, adhabu nyingine yoyote nitaitoa. Mbuzi, kazi, chochote. Lakini pombe siwezi kuileta, wala kuinywa."

"Mrija mmoja tu. Ukinyonya mara moja inatosha. Sitaki ulewe."

"Hata mara moja, Baba. Mke wangu nilimpoteza kwenye chungu. Sidhani nitampata humo."

Aliweka kisu chini. "Kwa hiyo mimi, niliyekupa binti, ninakuitia mapatano ya babu zangu, na wewe unasema chungu changu ni kichafu."

"Sijasema kichafu. Nasema mimi ndiye siwezi."

"Basi rudi Kasulu," alisema. "Ukiweza, utakuja."

Nilitoka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye njia ya kisimani, ndoo tupu mkononi. Alikuwa amenisubiri. Nikadhani atanifariji.

"Nimesikia ulivyomjibu baba," alisema. "Hilo limenifurahisha. Lakini nina langu. Wafanyabiashara wa maharage wanatoka kwenu kila wiki. Nimesikia nina bwana huku."

Nikaitazama ile ndoo tupu.

"Ulilisema au hukulisema?"

"Nililisema."

"Wapi?"

"Kilabuni."

"Basi mimi shida yangu si chungu cha baba. Nenda pale pale uliponisema, mbele ya wale wale, ukaseme kweli. Ukishafanya hivyo, nitafikiri. Sijasema nitarudi. Nimesema nitafikiri."

Akaenda zake kisimani.

Nilitembea hadi stendi ya malori. Lori la Kasulu lilikuwa bado linapakia, dereva akasema saa mbili au tatu zaidi. Kibondo wakati ule ilikuwa imechangamka kwa magari ya misaada na wageni, na pembeni ya stendi kulikuwa na baa mpya ya mabati, imepakwa rangi ya kijani. Nilisema nitakaa kivulini tu. Ilikuwa saa sita. Ufunguo wa kanisa ulikuwa Kasulu, ufagio ulikuwa Kasulu, na mimi nilikuwa nimekataliwa na mzee na kuumbuliwa na mke wangu asubuhi moja. Mhudumu akaja. Nikaagiza. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mdomo wangu ulifunguka ukaagiza pombe, na haukusita.

Akaleta bilauri imejaa. Nikaishika. Ilikuwa ya baridi kidogo, na povu lilikuwa linashuka taratibu. Moyo ukaniambia hakuna anayenijua hapa. Ukaniambia pia, na hili ndilo lilikuwa kali, kwamba hata nikishinda leo sitapata kitu, kwa hiyo ninashinda kwa ajili ya nini.

Nilitaka kunyanyuka, miguu ikakataa. Basi nikafanya nililofundishwa. Nikasema kwa sauti, "Bwana, nina kiu. Siwezi kunyanyuka hapa. Ninyanyue wewe."

Mhudumu akageuka. "Unaongea na nani?"

"Na Mungu."

Aliniangalia, akaangalia bilauri. "Anasemaje?"

"Anasema niondoke."

Akacheka, lakini hakunicheka mimi. Akaivuta ile bilauri kutoka mkononi mwangu, kidole kimoja baada ya kingine. "Basi ondoka, kaka. Mimi siwezi kubishana naye."

Niliweka hela mezani nikatoka, nikapanda juu ya magunia, nikakaa kwenye jua la mchana mpaka lori lilipoondoka. Nilichomwa na jua lile, nikafurahi. Siku ile nilijua kwamba aliyekuwa akinilinda hakukaa kwenye lile jengo dogo nyuma ya soko. Alikuwa amekuja nami Kibondo. Tangu hapo kiu iliendelea kunijia, lakini hofu ya kiu haikunijia tena.

*

Yule mama wa kwaya nilimweleza yote, pamoja na lile nililokuwa nimelifungia. Nilitegemea atasikitika kwamba sikuliungama mapema. Yeye aliuliza tu, "Utakwenda lini?"

"Jumamosi. Ndipo wanapojaa."

"Niende nawe?"

"Hapana. Nilimsema nikiwa peke yangu."

Jumamosi alasiri niliingia kilabuni, kwa mara ya kwanza tangu niokoke. Palikuwa vile vile, mabenchi yale yale, nzi wale wale juu ya maganda ya ndizi. Wakanishangilia. Mtu mmoja niliyekuwa nikinywa naye kwa miaka akasogea akanipa nafasi, akapangusa mrija kwa kiganja chake na kunielekezea.

"Tulijua utarudi," alisema. "Tulikuwekea sehemu yako."

Nilibaki nimesimama.

"Sikuja kunywa," nilisema. "Nimekuja kurudisha maneno yangu. Mke wangu hana bwana Kibondo, na hajawahi kuwa naye. Mtoto alikuwa anaumwa, akaja hapa mlangoni kuniita, nikamwambia atangulie. Hakuwa na wa kumsaidia. Ndiyo maana ameondoka. Yale mengine niliyatunga hapa, ili mnionee huruma. Nawaomba kila mliyemwambia, mwambieni hivi."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni, ambaye sikuwahi kumsikia akisema jambo la maana, akatoa mrija mdomoni.

"Tulimwona mkeo siku ile akija na mtoto," alisema. "Sote tulikuwa hapa. Tulijua unasema uongo."

"Mbona hamkunikataza?"

"Ulikuwa unakunywa nasi."

Kumbe kila mtu alijua. Nilitoka nikiwa mwepesi, na mwenye huzuni pia, si kwa ajili yangu tu. Wawili kati ya wale waliokuwepo walikuja kanisani kabla ya mwaka kwisha. Mmoja alibaki. Yule aliyenielekezea mrija hakuja, lakini mpaka leo tukikutana ananisalimu kwa heshima.

*

Maharage yalipokomaa nilirudi Kibondo, sikuchukua pombe wala maneno. Nilipata pa kulala kwa jirani, na kila asubuhi nilikwenda shambani kwa baba mkwe, nikang'oa maharage, nikayabeba uani, nikayapiga kwa fimbo mpaka maganda yakaachia. Hakunifukuza. Hakuniongelesha pia. Siku ya tatu nilisikia sauti ya mama mkwe kupitia ukuta wa jiko, akiuliza kwa sauti ambayo ilikusudiwa kunifikia, "Huyo mtu wa shambani amekula?" Muda si mrefu mke wangu akanitolea ugali na mboga ya maharage. Akaweka chini. Akakaa pembeni wakati nakula, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja tulipokuwa Kasulu.

"Ulikwenda," alisema.

"Nilikwenda. Umesikiaje?"

"Maharage yanauzwa," alisema, na nikaona tabasamu limemponyoka.

Asubuhi ya siku ya sita mzee aliniita. Nilipofika uani nikakuta chungu katikati, vigoda viwili, na mirija miwili imeegeshwa. Ndugu zake watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka.

"Kaa," alisema.

"Baba, nilishasema kwamba—"

"Nimekwambia kaa. Sijakwambia kunywa."

Nikakaa. Akatoa jani la mgomba lililofunika chungu. Nilikuwa nimeishi na harufu ya pombe muda mrefu, nikijua pua yangu haidanganyiki, na harufu ile haikuwamo.

"Asali na maji," alisema. "Nimeichanganya alfajiri mwenyewe. Ikilala mpaka kesho itaanza kuchacha, kwa hiyo itabidi tuimalize leo." Aliwageukia ndugu zake, kwa kuwa kwa kweli alikuwa anasema nao. "Kupatana mbele ya chungu ni kwa babu zetu, siwezi kuiacha mila hiyo. Lakini chungu ni changu. Cha kutia ndani nachagua mimi. Huyu amekataa pombe mbele yangu nilipomtisha kumnyima mke. Ameingia kwa walevi wenzake akajivua nguo kwa mdomo wake. Mkwe wa namna hiyo sitaki kumrudisha kwenye mrija."

Mmoja wa wale ndugu akaguna kwamba hajawahi kuona mapatano ya maji ya asali. Mzee akamwambia, "Leo umeona," akatia mrija wake.

Nikatia wangu. Ilikuwa tamu mno, tamu ya kukwangua koo, na vipande vya nta vilikuwa vinapanda kwenye mrija. Tulikunywa tukitazamana. Nilikuwa sijawahi kumwona mzee yule kwa karibu kiasi kile. Macho yake yalikuwa yamechoka, na nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa na hofu ya kumpoteza binti yake mara ya pili.

Aliwapa ndugu zake, kisha akamwita mke wangu. Akaja, akapiga magoti kidogo mbele ya baba yake, akanyonya mara moja, akasimama.

"Nakwenda Kasulu," alisema. "Nakwenda kwa kuwa nimetaka mwenyewe, si kwa kuwa mmekunywa."

"Ndivyo," baba yake alisema. "Andaa mtoto."

Jikoni mama mkwe alianza kuimba kwa sauti ya chini huku akifunga maharage ya safari.

Tuliondoka siku iliyofuata. Mwanzo haukuwa rahisi, nami sitaki kumdanganya mtu. Mke wangu aliendelea kugeukia ukutani kwa muda, na kila nilipochelewa dakika chache kurudi alisimama mlangoni akinusa. Sikumlaumu. Nilimwambia wazi kila siku nilikokuwa, kabla hajauliza. Alianza kuja kanisani, kwanza kukaa nyuma, baadaye akaingia kwaya mwenyewe bila kunishauri. Cherehani tuliongeza ya pili, akajifunza, na sasa anakata vizuri kuliko mimi. Saa sita za mchana zilikuja na kupita kwa miaka yote iliyofuata, na neema ya Mungu ilinikuta macho kwenye kila moja.

Binti yetu ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Aliniita "fundi," kama wateja walivyoniita, na akiumia alinipita akamkimbilia mama yake. Nilimsubiri. Mvua za kwanza zilipoanza, radi moja kubwa ilipiga mchana tukiwa barazani, mama yake akiwa sokoni, naye akaja mbio akaingia chini ya meza ya cherehani, akashika mguu wangu. Nikaacha kukanyaga pedali ili nisimbane. Tulikaa hivyo mpaka mvua ilipokatika.